Kuchanganya mboga shambani: Faida na mipaka yake katika udongo wa Kipalapala, Tabora

JINA la Kipalapala, nje kidogo ya mji wa Tabora, linafahamika kwa wengi kutokana na mambo mawili: Seminari Kuu ya Mtakatifu Paulo, na kiwanda cha uchapaji ambacho vitabu vyake vyenye maandishi ya T.M.P. Book Department vimepita katika mikono ya wasomaji wa Kiswahili karibu kila pembe ya nchi. Ni wachache wanaolitaja eneo hilo kwa ajili ya udongo wake. Nao udongo huo, kusema kweli, si wa kujivunia. Ni kichanga chepesi, kinacholimika kwa jembe la mkono bila taabu kubwa, kinachokunywa maji haraka na kuyapoteza haraka vilevile.

Hata hivyo, juu ya kichanga cha namna hiyo, familia za Unyamwezi zimepata mboga zao vizazi na vizazi bila kununua hata mfuko mmoja wa mbolea ya chumvichumvi. Njia iliyotumika ni kupanda mazao mengi katika tuta moja: mahindi juu, kunde pembeni, maboga yakitambaa kuelekea mferejini, na mlenda au mchicha ulioota wenyewe ukaachwa makusudi wakati wa palizi.

Kwa miaka mingi, kabla na baada ya Uhuru, ushauri wa mabwana shamba ulikwenda kinyume cha desturi hiyo. Mkulima bora alikuwa yule aliyepanda zao moja kwa mistari iliyonyooka. Mchanganyiko ulionekana kuwa vurugu, na pengine uvivu. Leo watafiti wameurudia mchanganyiko huo na kuupima, na waliyoyakuta yanafaa kujulikana kwa yeyote mwenye bustani katika udongo wa Tabora, hasa tangu bei ya mbolea ilipopanda mwaka 2022 hata mfuko wa kilo 50 ukavuka Sh100,000 na Serikali ikalazimika kuanzisha ruzuku mwaka huo huo.

Kabla ya kuendelea, ni vema kutofautisha maneno mawili. Wataalamu wa Tanzania hutumia “kilimo mseto” wanapozungumzia miti inayopandwa pamoja na mazao. Makala haya yanahusu zaidi kilimo cha mchanganyiko, yaani mazao mawili au zaidi ya muda mfupi katika shamba moja na msimu mmoja, ingawa miti nayo itatajwa kwa sababu ndiyo iliyochunguzwa zaidi mkoani Tabora.

Kichanga juu, mbuga chini

Tabora iko katika uwanda wa juu wenye mwinuko wa takriban meta 1,200 kutoka usawa wa bahari. Mvua hunyesha msimu mmoja tu, kwa kawaida kuanzia Novemba hadi Aprili, na miezi mingine ni ya ukame. Udongo wa vilimani umetokana na miamba ya kale sana iliyomomonyoka kwa muda mrefu mno. Chembechembe za mfinyanzi zilizobaki ndani yake ni chache na za aina isiyoweza kushika virutubisho vingi. Kiasi cha kaboni itokanayo na mabaki ya mimea na viumbe mara nyingi hakifiki asilimia moja.

Jambo hili la mwisho ndilo la msingi. Katika udongo wa mfinyanzi, virutubisho hushikwa na mfinyanzi wenyewe. Katika kichanga cha Tabora kazi hiyo hufanywa kwa sehemu kubwa na mboji. Mboji ikiisha, hata mbolea nzuri iliyonunuliwa kwa fedha nyingi huteremka na maji ya mvua hadi chini ya mizizi. Mkulima aliyeweka Urea siku mbili kabla ya mvua kubwa, kisha akaona majani ya mahindi yakibaki ya njano, hakuuziwa mbolea mbovu. Huenda ilikwisha kupita.

Mtu akishuka kutoka kilimani kuelekea bondeni huona udongo ukibadilika hatua kwa hatua: kichanga, kisha udongo mgumu wenye majimaji wakati wa masika, kisha mbuga nyeusi inayopasuka wakati wa kiangazi. Mpangilio huu uliwafahamisha wakulima wa Usukuma na Unyamwezi mahali pa kupanda karanga na mahali pa kuchimba majaruba ya mpunga muda mrefu kabla ya sayansi. Katika miaka ya 1930, Geoffrey Milne, mtaalamu wa udongo katika kituo cha utafiti cha Amani, Tanga, aliupa jina la “katena”, na neno hilo lililozaliwa Afrika Mashariki likaingia katika vitabu vya udongo vya dunia nzima. Bustani za mboga za kiangazi hukaa chini, karibu na maji; mchanganyiko wa masika hukaa juu, kwenye kichanga. Maelezo yanayofuata yanahusu hasa kichanga.

Mbegu zilizokuja na misafara

Mboga zinazochanganywa leo hazikutoka mahali pamoja. Kunde, mtama, mlenda na nyanya chungu ni za Afrika. Mahindi, maharage, mihogo, karanga, maboga na nyanya asili yake ni bara la Amerika. Zilifika pwani ya Afrika Mashariki baada ya Wareno kuanza kuvuka bahari, kisha zikaingia bara polepole. Njia ya misafara kutoka Bagamoyo hadi Ujiji ilikuwa mojawapo ya njia za kuingilia, na Tabora, ambayo wageni wa miaka ya 1850 waliiita Kazeh, ilikuwa kituo chake kikuu cha katikati.

Henry Morton Stanley aliyefika mwaka 1871 aliorodhesha katika kitabu chake mazao aliyoyakuta: mpunga, viazi vitamu, mihogo, mtama, mahindi, ufuta, uwele na choroko. Katika bustani za Waarabu waliokuwa na uwezo palikuwa na vitunguu, vitunguu saumu, pilipili, matango, nyanya na bilinganya, pamoja na michungwa, milimau, mipapai na miembe. David Livingstone, aliyesubiri wapagazi huko Kwihara kwa miezi kadhaa mwaka 1872, aliishi katikati ya mashamba hayo. Tembe alilokaa limehifadhiwa kama makumbusho.

Orodha ya Stanley ina jambo moja ambalo msomaji anaweza kulipita bila kulitazama. Bustani zenye mboga laini zilikuwa kandokando ya matembe, palipotupwa majivu, taka za jikoni na samadi ya mifugo. Hivi ndivyo ilivyo hata sasa katika vijiji vingi vya Afrika: udongo wa karibu na nyumba ni mweusi na wenye nguvu, na ule wa mbali umechoka. Kwa hiyo mtu anayesifu mchanganyiko wa mazao wa mababu hana budi kukumbuka kuwa ulikwenda pamoja na samadi na majivu, na ulikwenda pamoja na ardhi ya kutosha kuacha shamba lipumzike miaka kadhaa chini ya miti ya miombo.

Naitrojeni: zawadi yenye masharti

Sifa inayotajwa kwanza kila panapozungumzwa mchanganyiko ni ile ya mimea jamii ya mikunde. Kunde, karanga, choroko, mbaazi na maharage huishi kwa ushirikiano na bakteria wanaokaa katika vinundu vya mizizi. Bakteria hao huchukua naitrojeni ya hewani, ambayo mmea hauwezi kuitumia, na kuigeuza kuwa chakula cha mmea. Malipo yao ni sukari kutoka kwenye majani.

Hapo ndipo hutokea dhana iliyoenea sana, nayo ni potofu kwa kiasi kikubwa: kwamba mchicha au mahindi yaliyo karibu na kunde hunyonyeshwa naitrojeni msimu ule ule. Vipimo vinaonyesha kuwa kiasi kinachohama kutoka mzizi hadi mzizi wakati mimea yote miwili ingali hai ni kidogo. Faida ya msimu huo hutokana na jambo jingine: kunde, kwa kuwa zinajipatia sehemu ya naitrojeni hewani, hazigombei sana ile iliyomo ardhini. Jirani yake hupata nafasi. Zawadi yenyewe huja baadaye, majani, mashina na mizizi ya kunde yanapooza.

Tena si mikunde yote iliyo sawa. Makadirio ya dunia yaliyochapishwa mwaka 2008 yanaonyesha kuwa karanga hupata hewani wastani wa asilimia 68 ya naitrojeni yake, kunde asilimia 63, na maharage asilimia 40 hivi tu. Maharage yakivunwa na mbegu zikapelekwa sokoni, shamba laweza kubaki na naitrojeni pungufu kuliko kabla ya kupanda. Kunde zina sifa nyingine inayofaa Tabora: bakteria wake wamo katika udongo mwingi wa Afrika, kwa hiyo mkulima hahitaji kununua chachu ya kupakaza kwenye mbegu.

Hesabu ndogo yaweza kuliweka jambo hili wazi. Kanuni inayotumiwa na watafiti ni kwamba kila tani moja ya majani na mashina makavu ya mikunde hubeba takriban kilo 20 za naitrojeni iliyotoka hewani. Chukua bustani ya meta 10 kwa 10. Kunde zikiacha humo kilo 10 za majani makavu, kiasi ambacho ni sawa na tani moja kwa hekta, zawadi ya hewani ni gramu 200 za naitrojeni, yaani sawa na gramu 430 hivi za Urea. Si haba kwa kitu kisicholipiwa. Lakini mchicha mbichi wa kilo 200 ukichumwa katika eneo hilo hilo na kupelekwa sokoni, huondoka na gramu 600 hadi 900 za naitrojeni, na potasiamu ya kiasi kisichopungua hapo. Mafungu ya mchicha yanayopakiwa kwenye baiskeli alfajiri kuelekea soko la Tabora mjini yamebeba udongo wa shamba ndani yake, na kunde peke yake haziwezi kuufidia.

Mkulima anaweza kukagua mwenyewe kama bakteria wanafanya kazi. Kunde zinapoanza kutoa maua, ang’oe mmea mmoja kwa jembe bila kuvuta kwa nguvu, apasue vinundu kwa ukucha. Ndani vikiwa na rangi ya waridi au nyekundu, kazi inaendelea. Vikiwa vyeupe, vya kijani au vya kijivu, au vikikosekana kabisa, kuna tatizo: mara nyingi ni upungufu wa fosforasi, tindikali nyingi katika udongo, au Urea iliyozidi. Mmea unaopata naitrojeni ya bure ardhini hauoni haja ya kuwalisha bakteria.

Fosforasi haitoki hewani

Tofauti na naitrojeni, fosforasi haina ghala angani. Iliyomo ardhini ndiyo hiyo hiyo, na sehemu yake kubwa imefungwa kwa madini ya chuma na alumini hata mizizi ya kawaida haiwezi kuipata. Mchanganyiko wa mazao hauwezi kuongeza hata gramu moja. Unachoweza ni kuifungua ile iliyofungwa.

Mbaazi ndiyo mfano uliothibitishwa vizuri zaidi. Mwaka 1990 watafiti waliofanya kazi India walieleza jinsi mizizi ya mbaazi inavyotoa aina ya tindikali inayokamata chuma na kuiachia fosforasi iliyoshikwa nacho. Nchini China, mwaka 2007, ilichapishwa kazi ya miaka kadhaa iliyoonyesha mahindi yakinufaika kwa kupandwa bega kwa bega na aina ya baghala: mizizi ya baghala iliongeza tindikali kuizunguka, fosforasi ikayeyuka, na mahindi yakachukua fungu lake. Wachina pia walikuta karanga zilizopandwa peke yake katika udongo wenye chokaa nyingi zikigeuka njano kwa kukosa chuma, na zile zilizo kando ya mahindi zikibaki kijani, kwa kuwa mizizi ya mahindi hutoa kitu kinachoyeyusha chuma. Udongo wa Tabora si wa chokaa, hivyo mfano huo wa mwisho hauhamishiki moja kwa moja. Umetajwa ili ionekane kuwa msaada hauendi upande mmoja tu, kutoka kwa mikunde kwenda kwa wengine.

Baada ya mbaazi kuifungua fosforasi, majani yake yanayoanguka huirudisha juu ya ardhi katika hali ambayo mboga za msimu unaofuata zinaweza kuitumia. Pale ambapo fosforasi yenyewe ni kidogo, hakuna ujanja: lazima iletwe kutoka nje, kwa samadi, kwa mbolea ya dukani, au kwa fosfeti ya Minjingu inayochimbwa karibu na Ziwa Manyara, ambayo hufanya kazi vizuri zaidi katika udongo wenye tindikali.

Kuvu wasioonekana

Mimea mingi ina washirika wengine, nao ni kuvu wembamba kuliko unywele wanaoingia mizizini na kutandaza nyuzi zao mbali katika udongo. Hulipwa sukari, huleta fosforasi, zinki na maji. Kitunguu, ambacho mizizi yake ni mifupi na haina vinyweleo vya kutosha, hutegemea sana msaada huu. Mahindi, kunde, nyanya na viazi vitamu nazo hushirikiana nao.

Mchicha na kabichi hazimo katika kundi hilo. Jamii ya mchicha na jamii ya kabichi, ambamo ndimo ilimo pia sukumawiki, figiri na Chainizi, kwa kawaida haziwapokei kuvu hao. Kwa maneno mengine, bustani inayopandwa mchicha na Chainizi mfululizo, kwa sababu ndizo zinazouzika haraka, huwafisha njaa washirika wa mizizi. Vitunguu vikipandwa baada yake huanza maisha vikiwa peke yao. Tuta la kunde au la mahindi likipita katikati ya vitalu vya mchicha, kuvu huendelea kuishi humo. Kati ya faida zote za mchanganyiko, hii huenda ndiyo inayozungumzwa kidogo zaidi na maafisa ugani, pengine kwa kuwa haionekani kwa macho.

Wiki mbili za kwanza za mvua

Wakulima wa Unyamwezi wanajua kuwa anayepanda na mvua za kwanza huvuna kuliko anayesubiri. Sababu mojawapo ilielezwa na H. F. Birch, mtafiti wa kituo cha Muguga, Kenya, katika maandiko yaliyoanza kuchapishwa mwaka 1958. Udongo uliokauka kwa miezi mingi unapolowana ghafla, vijidudu huamka na kuishambulia mboji, na naitrojeni nyingi huachiwa kwa muda mfupi. Wanasayansi wameliita tukio hilo kwa jina lake.

Katika kichanga, utajiri huo wa ghafla haukai. Mahindi yaliyopandwa siku hiyo hiyo yana mizizi ya vidole vichache wakati naitrojeni inashuka na maji. Ni hapa ambapo mboga zinazokua upesi hupata thamani ya pekee. Mchicha huota kwa siku chache na una njaa kubwa ya naitrojeni. Ukisiwa pamoja na mahindi, hukamata kile ambacho kingepotea, na wiki ya nne huchumwa ukaliwa. Mboga za majani zinazoota zenyewe hufanya kazi hiyo hiyo bila kupandwa. Mwanamke anayepalilia akiruka mashina ya mlenda na mgagani anaokoa chakula cha familia, na bila shaka anaokoa pia sehemu ya rutuba ya shamba.

Ile inayopita hata hivyo hukamatwa chini na mizizi mirefu ya mbaazi au ya miti. Gerson Nyadzi, mtafiti wa kituo cha Tumbi kilichoko Tabora, alishughulikia mwenendo wa naitrojeni na maji katika mzunguko wa miti na mahindi kwa ajili ya tasnifu yake ya mwaka 2004 katika Chuo Kikuu cha Wageningen, Uholanzi. Tumbi, ambacho sasa ni sehemu ya Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania, kilishirikiana kwa miaka mingi na shirika la kimataifa la ICRAF. Katika mfumo uliofanyiwa kazi huko, miti kama Acacia crassicarpa hupandwa pamoja na mahindi kwa miaka miwili au mitatu ya mwanzo, huachwa ikue, kisha hukatwa kwa kuni na mahindi kurudishwa. Kwa mkoa unaokausha tumbaku kwa kuni za miombo, faida ya kuni ilikuwa na uzito kama ya rutuba. Tatizo pia lilionekana wazi: miti ikishakua, huyanyang’anya mahindi maji na virutubisho.

Tuta kama tumbo la shamba

Njia ya Wanyamwezi ya kulima matuta inastahili kuelezwa. Mwaka unapoanza, nyasi, magugu na mabaki ya mazao hukusanywa katika mfereji ulio kati ya matuta mawili ya zamani. Matuta hayo hupasuliwa na udongo wake kuvutwa juu ya mabaki hayo, na hivyo tuta jipya husimama mahali palipokuwa na mfereji. Mabaki huozea ndani, chini ya mizizi.

Ubora wa chakula kinachozikwa humo hutegemea kilichopandwa mwaka uliopita. Mabua ya mahindi na nyasi kavu yana kaboni nyingi na naitrojeni kidogo. Vijidudu vinavyoyaozesha huchukua naitrojeni ya udongo ili kujijenga, na kwa wiki kadhaa mazao machanga hubaki na njaa. Majani ya kunde, karanga na maboga huoza upesi na kuachia chakula mapema. Yakichanganywa na mabua, sehemu moja huoza haraka na kulisha mazao, nyingine hubaki na kujenga mboji. Shamba la mahindi matupu haliwezi kutoa mchanganyiko huo.

Manufaa ya muda mrefu ni ya polepole. Jaribio moja la miaka saba huko Gansu, China, lililochapishwa mwaka 2015, lilikuta udongo wa juu wa mashamba ya mchanganyiko ukiwa na kaboni zaidi kwa asilimia 4 na naitrojeni zaidi kwa asilimia 11 kuliko mashamba ya zao moja moja. Asilimia nne kwa miaka saba si muujiza. Katika mavuno, faida ni kubwa zaidi: uchambuzi wa tafiti 126 uliotolewa mwaka 2018 ulionyesha kuwa, kwa wastani, hekta moja ya mchanganyiko hutoa kile ambacho kingehitaji hekta 1.3 za mazao yaliyotengwa.

Unaoharibu mchanganyiko

Mchanganyiko mbaya upo. Nyanya, bilinganya, nyanya chungu, pilipili na tumbaku ni jamii moja, na wote hushambuliwa na minyoo fundo, viumbe wadogo wanaovimbisha mizizi. Minyoo hao ni adui wa siku nyingi wa tumbaku ya Tabora. Anayepanda nyanya na bilinganya pamoja katika shamba lililotoka tumbaku amechanganya majina tu. Kwa minyoo, hilo ni zao moja. Aina nyingi za kunde nazo hushambuliwa. Karanga, kwa kawaida, haziwalishi minyoo fundo wa aina hiyo, na mzunguko wenye karanga ni wa busara zaidi. Vinundu vya bakteria visichanganywe na mafundo ya minyoo: kinundu hubanduka kwa urahisi kikisukumwa kwa kidole, fundo ni mzizi wenyewe uliovimba.

Wala karanga zisipewe sifa kupita kiasi. Urambo, magharibi ya Tabora, palikuwa mahali pamojawapo pa mpango mkubwa wa karanga wa Waingereza ulioanza mwaka 1947 na kufutwa mwaka 1951 baada ya hasara ya takriban paundi milioni 36. Zao linalojipatia naitrojeni hewani halikuweza kuokoa mpango uliopuuza mvua, udongo na watu wa mahali. Urambo baadaye ikawa nchi ya tumbaku.

Msongamano nao una gharama. Maboga yakiachwa yatambae juu ya vitunguu, vitunguu hupotea. Kunde zinazopanda zikiwekwa siku moja na mahindi huyalaza. Zikichelewa wiki mbili au tatu hukaa chini na kufunika udongo. Kifuniko hicho hupunguza joto la kichanga na nguvu ya matone ya mvua. Hata hivyo, msimu wa mvua haba, mazao mengi katika tuta moja hugawana maji yasiyotosha hata zao moja.

Samadi haina mbadala. Toroli mbili za samadi iliyooza kwa bustani ya meta 10 kwa 10 ni sawa na tani 10 kwa hekta, na samadi ya wastani ya kiasi hicho ina kilo moja hivi ya naitrojeni, ambayo theluthi yake au chini ya hapo hupatikana mwaka wa kwanza. Ikilinganishwa na gramu 200 za kunde zilizotajwa hapo juu, uhusiano wa vitu hivi viwili unaonekana. Majivu ya jikoni, yakinyunyizwa kwa kiasi, hurudisha potasiamu na kupunguza tindikali.

Kikwazo kikubwa kuliko vyote huja baada ya mavuno. Masika yakiisha, mashamba mengi huwa malisho ya wote, na ng’ombe na mbuzi hula majani yale yale yaliyokusudiwa kuozea ndani ya tuta. Mabaki mengine huchomwa moto. Aliyeazimwa shamba kwa mwaka mmoja hana sababu ya kumwekea mwenye shamba rutuba ya mwaka wa pili. Mikutano ya vijiji inaweza kuweka sheria ndogo kuhusu malisho baada ya mavuno, lakini mwenye ng’ombe naye ana hoja yake: samadi inayotakiwa bustanini inatoka kwenye majani hayo.

Aina za kunde ni suala jingine ambalo halijapewa uzito unaostahili. Aina mpya nyingi zimezalishwa ili zisimame wima, zikomae mapema na kutoa mbegu nyingi. Hizo huacha majani machache shambani. Kunde za kienyeji zinazotambaa hukomaa kwa kuchelewa na hutoa mbegu kidogo, lakini huchumwa majani kwa wiki nyingi, mengine huchemshwa na kuanikwa yawe nsansa ya kiangazi, na bado hubaki majani na mashina mengi ya kuzikwa. Mwenye nia ya kulisha udongo ahitaji hizo. Katika maduka ya pembejeo si rahisi kuzipata. Mbegu zake hutunzwa majumbani, katika vibuyu na chupa zilizotiwa majivu, na hupatikana kwa kumwomba jirani kabla ya mvua ya kwanza.